Kwetu mu lupango: Fundo linafunguliwa kuanzia mwisho



Juma hili hatutasema juu ya franga za masomo, wala juu ya bei ya unga. Tutasema juu ya nywele za mbwa. Tunajua kama wengine watacheka. Siku ya Posho yenye ilipita, tulikuwa tunarudia nyumbani na beseni na vichanuo mukononi, na kijana mumoja ku barabara akatuambia: "Bamama banakosa kazi, sasa banasuka imbwa!" Tulicheka pamoja naye. Lakini ile kazi ilianza na damu ya mutoto, na ndiyo sababu tunaiandika hapa.

Munakumbuka ule dada yetu mwenye alisimama ku mwisho wa mukutano akasema: "Wamama, ninaomba shauri. Bwana yangu anasema atamuua mbwa. Watoto wanalia. Mimi mwenyewe sijui niseme nini." Wengi walikuwa wamekwisha kuvaa viatu juu ya kwenda. Tulirudia kukaa.

Habari ilikuwa hivi. Bwana yake alikuwa shofere wa familia moja ya wageni wenye walikuja kutumika ku kompanyi. Kazi ilipoisha, walirudia kwao, na walimwachia mbwa. Si mbwa kama zetu za kulinda lupango. Ni spanieli, ule mwenye Wafaransa wanamuita kokeri: mufupi, rangi ya chokoleti, masikio marefu yenye kuanguka mupaka chini ya mudomo, na nywele laini zenye kuninginia ku kifua, ku tumbo, ku miguu na ku mukia. Watoto wenye waliona ile filme ya Disney ya mwaka wa 1955 juu ya mbwa dike wa nyumba nzuri na mbwa wa barabara wanamujua: ule dike ni kokeri. Hawa watoto wetu walimuita huyu wao Bobi, kama mbwa zote za Kongo.

Kule kwa wageni, kulikuwa mutu wa kumuchana Bobi. Hapa kwetu, Bobi alilala mu mavumbi, kisha mvula ilianza, akalala mu matope. Miezi mitano hakuna mutu aliyeweka kichanuo ku mwili wake. Hatumuhukumu ule mama. Nani kati yetu alikomaa akiona mbwa wa kuchanwa? Mbwa anakula mabaki ya bukari, analia usiku mwizi akipita, basi.

Magaribi moja, kijana wao wa miaka 7 alikamata kichanuo cha dada yake. Alitaka Bobi awe muzuri. Alivuta nyuma ya sikio, kwenye fundo kubwa. Bobi alimuluma mukono.

Mama alifanya jambo moja la akili sana: alipeleka ule mukono mara moja ku maji, akausafisha na sabuni muda murefu, kisha akakimbia ku kituo cha afya. Karatasi za mbwa zilionyesha kama chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilikwisha kupita muda, kwa hiyo mutoto alianza kupigwa sindano. Munganga alisema pia mbwa afungwe na aangaliwe siku 10. Siku 10 zilipita: Bobi anakula, anakunywa, hana ugonjwa. Lakini baba ya nyumba alikuwa amekwisha kukata shauri. Mbwa mwenye kuluma mutoto hawezi kubakia mu lupango yake.

Tulimuuliza dada yetu neno moja tu: "Mbele ya ile siku, Bobi alikuwa anakubali mumuguse nyuma ya sikio?" Alinyamaza. Kisha akasema: "Hapana. Toka zamani hakubali mutu amuguse kichwa." Tulimuomba bwana yake atupatie siku ine za Posho. Alikubali, lakini bila furaha.

Tulikuta nini

Kwa macho, Bobi alikuwa mbwa muchafu, basi. Kwa vidole, ilikuwa jambo lingine. Nyuma ya kila sikio kulikuwa fundo kubwa kama yai, gumu kama kitambaa cha kofia. Chini ya mabega, kwenye muguu wa mbele unaungana na kifua, nywele zilikuwa zimeshikana na kuvuta ngozi kila mara alipotembea. Kati ya vidole vya miguu kulikuwa matope makavu yenye kufungwa mu nywele kama vijiwe. Munajua namna kichwa kinauma wakati mwenye kusuka anakaza sana? Unalala usiku moja bila kuweka kichwa ku mutoo. Huyu mbwa alikuwa amesukwa vile mwili muzima, miezi yote ile, na hana kinywa cha kusema.

Sababu gani mbwa zetu zingine hazipate ile shida? Juu nywele zao ni fupi. Hapa Kongo tuko na aina ya mbwa yenye inajulikana dunia nzima, basenji, yenye haibweke kama mbwa zingine. Mwaka wa 1937, ni kusema mwaka uleule muji wetu wa Kolwezi ulianzishwa, mbwa za vile kutoka Kongo zilionyeshwa kule London, ku onyesho kubwa la mbwa la Crufts. Basenji iko na nywele fupi sana, na inajilamba mwili kama paka. Ukiipangusa na kitambaa, umemaliza kazi.

Spanieli ni mbwa wa kazi ingine. Jina lake linatoka ku jina la inchi ya Hispania, na wazungu walimufundisha kuingia mu miti na mu maji juu ya kufukuza ndege mupaka ziruke, ili muwindaji azipige. Nywele zake ziko namna mbili: chini ziko fupi na nzito, zenye kuchunga joto, juu ziko ndefu na laini. Zile za chini zikitoka, hazianguke zote. Zinabakia ndani ya zile ndefu, zinashikana, na hapo fundo linaanza. Mutu akikubali ule mbwa, anakubali na ile kazi. Hakuna spanieli wa bila kichanuo.

Kosa letu la siku ya kwanza

Tunaandika na makosa yetu, ili musiyarudilie.

Kati yetu kuko dada mwenye kusuka watu mu salo, na mikono yake iko mwepesi. Siku ya kwanza, fundo la nyuma ya sikio lilimuchosha. Alikamata makasi akakata chini ya fundo, karibu na ngozi. Lakini fundo linavuta ngozi juu, na jicho haliwezi kuona kwenye nywele zinaisha na kwenye ngozi inaanza. Alikata ngozi. Bobi alilia sana, na ule kijana mwenye alilumwa, mwenye alikuwa anatuangalia toka ku mulango, alilia pia.

Tuliacha kila kitu. Tulisafisha kidonda na maji safi ya chumvi, na dada yetu alimupeleka Bobi kwa munganga wa nyama. Huyu alitusaidia kuona kintu chenye hatukuona: chini ya lile fundo, hata mbele ya makasi yetu, ngozi ilikuwa nyekundu, yenye maji maji, na kupe tatu zilikuwa zinakaa mule. Kwa hiyo mutoto alivuta fundo lenye kukaa juu ya kidonda. Hata wewe, mutu akivuta kidonda chako, mukono wako utaruka mbele ya akili yako.

Ule dada wa salo alisema, na haya ikiwa ku uso: "Kazi yangu ninaijua. Sijafungua hata siku moja nywele za mutoto kuanzia ku mizizi. Sasa sababu gani nilifanya vile kwa huyu?" Toka ile siku, alikuwa mwalimu wetu.

Namna ya kufungua fundo

Hii ndiyo siri yote, wamama, na muko nayo mu mikono tayari. Mutoto wa kike akirudia kwa nyanya yake na nywele zenye kushikana, haumuvute kuanzia ku ngozi. Unashika nywele na mukono moja karibu na kichwa, ili uchungu uishie ku vidole vyako. Kisha na mukono mwingine unaanza ku mwisho wa nywele, kidogo, na unapanda pole pole. Mbwa ni vilevile.

Kwanza, acha mbwa atembee ao acheze mupaka achoke kidogo. Mupandishe ku meza yenye iko na gunia juu, ili miguu isiteleze. Mbwa mwenye kuteleza anaogopa, na mwenye kuogopa analuma. Mutu mumoja anashika na kumusemesha, mwingine anafanya kazi.

Pili, fungua fundo na vidole mbele ya kuleta kichanuo. Ukiweka unga kidogo wa maizena mu fundo na kulisugua, nywele zinateleza na kuachana kwa urahisi. Likianza kuachana, pitisha kichanuo cha meno makubwa, kuanzia ku mwisho. Kisha ndiyo kichanuo cha meno madogo.

Tatu, fundo likikataa kabisa, usipigane nalo. Ingiza kichanuo kati ya fundo na ngozi, kibakie pale kama ukuta. Sasa unaweza kukata, lakini juu ya kichanuo, si chini yake, na makasi yenye ncha za muviringo. Ni muzuri zaidi kupasua fundo vipande viwili ao vitatu kwa kufuata njia nywele zinaelekea, kisha kufungua kila kipande. Mbwa atakuwa na pengo ku nywele. Si kitu. Nywele zinaota.

Ine, acha kazi mbele mbwa hajakasirika. Sisi tulikuwa tunafanya karibu nusu saa, kisha tunamupatia kipande cha makayabo yenye tulitosha chumvi mu maji. Siku ya kwanza ilikuwa ya masikio. Siku ya pili, kifua na chini ya mabega. Siku ya tatu, miguu ya nyuma na mukia. Siku ya ine, maji.

Maji yanakuja ku mwisho

Hapa wengi wanakosea. Wanaona mbwa muchafu, wanakimbilia beseni. Lakini fundo likilowana na kukauka linakaza zaidi, kama kamba yenye kulowana. Kwanza kuchana, kisha kuosha. Na tena, kuchana hakuombe hata bidoni moja ya maji. Wenye binti zao wanabeba maji asubui na magaribi watatuelewa: brosi ya kila siku inapunguza kuosha, na kuosha kukipunguka, migongo ya watoto inapumzika. Spanieli mwenye kuchanwa muzuri anaweza kuoshwa mara moja kwa mwezi, ao hata kwa majuma sita, isipokuwa amejitupa mu matope.

Siku ya kuosha, maji yawe ya vuguvugu. Sabuni ya unga ya kufua nguo, hapana. Inakausha na kuchoma ngozi. Kuko shampo ya mbwa ku maduka fulani. Ukiikosa, shampo ya watoto wachanga, kidogo, haina ukali. Usiache sabuni ibakie mu nywele. Musugue na kitambaa kikavu, kisha mukaushe ku jua, si mu kivuli chenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya Kolwezi inauma asubui, ngojea saa sita ya mukati.

Masikio ndiyo shida kubwa ya spanieli. Sikio lenye kusimama linapata hewa. Lake linaanguka na kufunga mulango, na ndani kunabakia joto na maji. Kisha kuosha, nyanyua kila sikio, pangusa na pamba ule upande wenye unaona kwa macho. Usiingize kijiti ndani. Kata nywele zenye kuwa ku upande wa ndani wa sikio, chini ya tundu, ili hewa ipite. Ukiona anatikisa kichwa kila mara, anajikuna, ao sikio linanuka na kutoa uchafu wa kahawia, mupeleke kwa munganga wa nyama. Usimwangie kitu kwa kubahatisha.

Ku miguu, geuza kila wayo uangalie kati ya vidole. Kata nywele zenye kupita wayo, ziwe sawa na wayo wenyewe. Matope hayatashikana tena, na nyumba itabakia safi.

Mahali pa kuangalia kila siku

Ukiwa na kazi mingi, usijaribu mwili muzima. Pitisha vidole mahali tano: nyuma ya masikio, chini ya mabega, chini ya mukanda wa shingo, kati ya miguu ya nyuma, na chini ya mukia. Mafundo yanapenda kuanzia pale, kwenye mwili unasuguana. Ni kazi ya dakika tano. Mwili muzima utachana siku tatu ao ine kwa juma.

Wakati wa mvula, manyasi yanakomaa na kupe zinakuwa mingi. Zile mbegu zenye kushikamana na nguo zetu tukitoka ku shamba, zinashika spanieli zaidi, na zingine zinaweza kutoboa ngozi kati ya vidole. Ukikuta kupe, ishike na kibano karibu sana na ngozi, uivute sawasawa, bila kuizungusha na bila kuichoma na moto. Usiipasue na makucha. Kisha osha mikono.

Hapa tuseme waziwazi: musimupake mbwa mafuta machafu ya motokari, wala petrole, wala dawa ya wadudu ya shamba. Tunajua kama watu wanafanya vile. Mbwa anajilamba, na ile sumu inaingia mu tumbo. Kisha watoto wanamushika, na inafika ku vidole vyao. Na dada wa salo anaongeza: defriza ni ya salo, si ya mbwa.

Kama mama hana kabisa nafasi ya kuchana, asione haya kufupisha nywele zote na mashini, zibakie urefu wa kidole kimoja kwa upana. Mbwa hatakuwa muzuri kama wa filme, lakini hatakuwa na uchungu. Usimunyoe mupaka ngozi ionekane, juu jua letu litamuchoma.

Mavumbi yetu

Kuko neno lingine la hapa kwetu, lenye familia za London hazina sababu ya kuliwaza. Sisi tunaishi karibu na rejeti za Kingamyambo, yale mabaki ya mawe yenye yalisagwa na kuoshwa kwa miaka mingi. Wakati wa kiangazi, upepo unapuliza na malori yanapita. Munajua rangi ya kitambaa cha meza ku saa kumi.

Mu mwaka wa 2018, watu wa sayansi wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubeljiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya kartié ya Kasulo, hapa Kolwezi, kwenye watu walichimba kobalti mupaka kati ya nyumba. Walikuta kobalti mingi mu mavumbi ya mule, na mu mukojo na mu damu ya wakaaji, zaidi sana ya watoto, kuliko mu kartié ingine ya kulinganisha.

Hawakupima mbwa. Lakini kila mama mwenye kupiga brosi Bobi anaona wingu lenye kutoka mu nywele zake. Nywele ndefu zinachota mavumbi kama fagio, na mbwa anayaleta mupaka ku mukeka kwenye mutoto anatambaa. Kwa hiyo muchane inje, mbali na sufuria na mbali na nguo zenye kuanikwa, na upepo ukiwa ku mugongo wako. Mutoto mwenye kucheza na mbwa aoshe mikono na sabuni mbele ya kula. Mbwa asilale ku mukeka wa mutoto muchanga. Kumuchana kila mara ni kufagia nyumba mbele uchafu haujaingia.

Mutoto na mbwa

Mutoto wa chini ya miaka 10 asichane mbwa peke yake, hata mbwa mupole namna gani. Mufundishe kusoma mbwa kama anasoma kitabu: akikaza mwili gafla, akijilamba mudomo bila chakula, akigeuza kichwa na kuonyesha weupe wa jicho, anasema "acha." Akinguruma, anasema tena kwa nguvu. Musimupige juu ya kunguruma. Mbwa mwenye kupigwa kila anaponguruma anajifunza kunyamaza, na siku ingine ataluma bila kuonya.

Na akiluma, ao hata akikwaruza ngozi, fanya kama dada yetu: maji na sabuni dakika 15, ukiangalia saa, kisha ku kituo cha afya ile siku ile. Usifunge kidonda na majani, usingojee kuona. Kichaa cha mbwa kikianza kuonekana ku mutu, karibu hakuna mwenye kupona. Lakini chanjo yenye kutolewa mbele inaokoa, na Louis Pasteur alionyesha vile toka mwaka wa 1885, kwa mutoto wa miaka 9. Mbwa naye apate chanjo yake kwa wakati. Kuchana bila chanjo ni kupamba nyumba yenye haina mulango.

Bobi wa leo

Siku ya ine ya Posho, tulipofika, maji yalikuwa tayari mu beseni. Baba ya nyumba ndiye aliyachota. Hakusema kitu, alisimama tu pembeni na mikono mufukoni. Bobi alipokauka, tulipitisha vidole nyuma ya masikio yake, na alifunga macho. Ngozi ilikuwa imepona. Nywele hazijaota bado pale tulikata, na tunakubali ile alama ni yetu. Baba aliuliza: "Ile chanjo yake, ni kwa nani wanaipatia?" Tulimuonyesha. Juma lenye lilifuata, karatasi ilipigwa kashe.

Kijana angali anaogopa. Hatukumusukuma. Anakaa ku mulango na kushika ile kopo ya maizena. Mama yake akiomba, anainyoosha mukono na kurudia haraka. Sindano zake amezimaliza zote.

Kwa wengine kati yenu wenye wataachiwa mbwa na wageni wenye kurudia kwao: mbele ya kusema asante, ulizeni mambo matatu. Karatasi ya chanjo iko wapi? Nani alikuwa anamuchana, na mara ngapi kwa juma? Vichanuo vyake vinabakia pia? Kama jibu ni zito kwenu, si haya kukataa. Haya ni kukubali, kisha kumuacha mupaka akili za nyumba zinakuwa mafundo.

Siku ya Posho yenye kuja, kisha mukutano, dada wa salo ataonyesha namna ya kuingiza kichanuo chini ya fundo. Wenye wako na mbwa wa nywele ndefu, muje naye amefungwa kamba. Wenye hawana, muje na binti zenu; atawasuka kwa kazi ileile.

Mubakie na amani.